Viatu vya Asubuhi Ile

Tarehe 3 Februari

Mjukuu wangu Futi,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo kama ungekuwa wewe uliyeandika kwanza, ila huandiki. Hujafa, ungekufa ningeambiwa. Kwa hiyo ni uvivu tu.

Mimi mzima. Magoti yananung'unika kwenye ngazi lakini hakuna aliyeyaomba maoni. Mama yako naye mzima, bado ananificha sukari kabati la juu, na mimi bado napanda kiti.

Alhamisi tulikuwa na darasa la unabii. Mwalimu wetu ni yule fundi umeme, anafundisha bisibisi ikiwa mfukoni. Tumefika Isaya thelathini na tano, pale jangwa linapochanua na viwete wanaporuka. Unajua Isaya ndiye aliyenifundisha kusoma. Shule mimi sikukanyaga. Herufi nilizijua ukubwani, mjukuu akiwa mgongoni, na mjukuu huyo ni wewe, na ulinikojolea kitabu chote cha Yeremia. Sura hiyo ya thelathini na tano nimeisoma sijui mara ngapi, lakini Alhamisi iliniuma. Nilirudi nyumbani na aibu. Sababu yake ni buti la kushoto la babu yako na siri niliyomwahidi, kwa hiyo usiniulize. Nimelipeleka kwa Gundi alirekebishe. Gundi unamkumbuka, yule aliyefunzwa ushonaji viatu na babu yako, akatufuata huku tulipohama. Siku hizi naye ana mvi.

Ndiyo, mabuti yale yale. Cheka, ukimaliza uendelee kusoma. Babu yako alijishonea mwezi wake wa mwisho, akaniambia, "Usinizike nayo, yataoza bure. Niwekee, nitayahitaji asubuhi ile." Miaka kumi na moja nayapaka dawa kila Jumamosi. Mama yako anasema, "Mama, unampaka marehemu dawa ya viatu." Nikamuuliza, "Wewe mumeo akiwa safarini ukamfulia shati, kuna mtu anakuita mwehu?" Akatoka jikoni.

Haya, kazi yako. Niliposikia umekuwa mpimaji wa barabara, na barabara yenyewe inapita mji ule tuliokaa na babu yako, nilipiga magoti haya haya mabovu. Isaya alisema mabonde yatainuliwa na vilima vishushwe, na mimi nina mjukuu kwenye idara hiyo! Umepita makaburini? Nyasi zimefika wapi? Ile nafasi yangu pembeni yake, hajaichukua mtu?

Jibu upesi. Mimi si Methusela.

Bibi yako

*

Tarehe 20 Februari

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi ni nyingi na ofisi yangu ni kontena, mchana ni tanuri. Tuko watatu humo, pamoja na darubini za kupimia, vigingi, na ramani zinazojikunja zenyewe kama zimechukia kusomwa. Meza yangu ina mguu mmoja mfupi. Nikiandika nambari saba inatoka imelewa. Nimeiwekea karatasi zilizokunjwa lakini zinalegea kila siku ya pili, nainama tena, naanza upya. Mkuu wa kazi anasema mtu anayenyoosha barabara ya kilomita arubaini ashindwe na meza, hapo kuna tatizo.

Makaburini nimepita. Kaburi la Babu halina nyasi hata moja, usiwe na wasiwasi.

Nina swali dogo. Babu alizikwa na kitu chochote? Pete, saa, au nguo yenye vifungo vya chuma? Nauliza tu.

Na hiyo siri ya buti umeniachia mwasho. Ila sawa, siulizi. Mabuti yenyewe, Bibi, siyacheki. Zamani nilikuwa nayacheka.

Msalimie Gundi. Mwambie ile ndara aliyonishonea bado inadai iko hai.

Mjukuu wako,
Futi

*

Tarehe 4 Machi

Futi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikavaa miwani. Mara ya tatu nikasema, huyu mtoto ananizunguka.

Wewe tangu una meno mawili, ukiwa na kosa unauliza swali. Ulivunja kioo cha dirisha ukaja kuniuliza, "Bibi, kioo kinatengenezwa na nini?" Leo unaniuliza vifungo vya marehemu, halafu unasema unauliza tu. Hakuna anayeuliza vifungo vya marehemu hivi hivi tu.

Na nyasi. Nakujua, hujawahi kushika jembe kwa hiari yako. Kaburi la miaka kumi na moja halina nyasi hata moja? Nani kazing'oa, malaika?

Jibu lako hili hapa. Alizikwa na shuka nyeupe, basi. Saa hakuwa nayo. Pete aliiacha kuvaa miaka mingi, ilikuwa inashika gundi na ngozi, ninayo mimi kidoleni. Nguo yenye vifungo hapana. Aliingia kama alivyokuja.

Gundi naye anaanza kunichosha. Kila nikienda, "Wiki ijayo, Mama." Nimemwambia, "Kazi ya nusu saa!" Anajikuna kichwa. Wanaume wote mmekula nini mwaka huu?

Sema kilichopo. Nimezika wazazi, mume na watoto wawili, na ngazi ya nyumba hii naipanda peke yangu. Barua haitaniua.

Bibi yako, na macho ninayo

*

Tarehe 15 Machi

Bibi yangu,

Nilipoandika kwamba kaburi halina nyasi hata moja, nilisema kweli ili nikudanganye. Halina nyasi kwa sababu halipo.

Barabara imekula safu tatu za makaburi. Mstari huo sikuuchora mimi, ulikuja kwenye ramani, lakini vigingi nilipiga mimi. Familia zote zilipewa taarifa. Kwetu alisaini Mama. Akaniambia, "Usimwambie Bibi mpaka tumpumzishe upya. Anamsubiri yule mtu afufuke pale pale. Ukimwambia amehamishwa, utamwua." Tukakubaliana. Naomba umlaumu kidogo tu, nyingi niachie mimi.

Maana lililofuata ni langu peke yangu. Walipofukua, kila mtu aliwekwa kwenye sanduku lake la mbao, na kazi ya kuandika nambari ilikuwa yangu. Ilikuwa Ijumaa, rangi imeisha. Nikaandika kwa chaki. Sisi wapimaji tunaandika kila kitu kwa chaki, Bibi, mkono ulikwenda wenyewe. Nikasema Jumatatu nitapitia kwa rangi. Jumamosi mvua ilinyesha, paa la stoo likavuja, na Jumatatu nilikuta masanduku tisa ya safu ya Babu safi kama meza iliyofutwa.

Sita yametambuliwa kwa vitu vilivyoonekana siku ya kufukua: mmoja kwa meno ya bandia, mwingine kwa chuma cha mkanda, hivyo hivyo. Yamebaki matatu. Wote wanaume watu wazima, wote walizikwa na shuka tu. Babu ni mmoja wao na sijui yupi. Masanduku yamepigiliwa misumari na afisa afya haruhusu kufungua bila sababu ya kuandikwa.

Tarehe 12 Aprili watazikwa makaburi mapya. Wasipojulikana watawekwa shimo moja, jiwe moja, majina matatu. Na nafasi yako pembeni yake haitakuwepo, kwa sababu pembeni yake watakuwa wengine.

Ulifurahi nilipopata kazi hii. Uliniombea. Sasa mimi kuomba siwezi, nikifumba macho naona chaki.

Kama kuna kitu chochote mwilini mwake unachokijua, niambie. Kama hakuna, niambie pia.

Futi

*

Tarehe 22 Machi

Mjukuu wangu,

Nililia. Sitakudanganya, sina tabia zako. Nilikaa kitandani na barua mapajani mpaka chai ikaota ngozi. Halafu nikamwita mama yako.

"Umesaini baba yako afukuliwe?"

Akashika ukuta. "Mama, nilifikiri utaanguka."

"Nimeanguka?"

"Hapana."

"Basi niletee chai ya moto. Na sukari ishushe chini."

Sasa nisikilize wewe. Kukasirika nimekasirika, lakini hujui nimekasirikia nini. Mlikaa wawili, mama na mwana, mkapima imani yangu, mkaona ni ya vigae, ukiisogeza inavunjika. Mlifikiri namsubiri babu yako kama mtu anayesubiri basi kituoni, kituo kikihamishwa amepotea! Ezekieli alisimama kwenye bonde zima la mifupa, mikavu, imetawanyika, haina sanduku wala chaki, na kila mfupa ulimjua mwenzake. Huyo aliyeifanya kazi hiyo ashindwe na masanduku matatu yenye misumari? Babu yako akiitwa ataitika, hata mumchanganye na mizigo ya stesheni. Kwa hilo nalala usingizi.

Lakini nina wasiwasi wangu mwingine, mdogo, wa kibinadamu, na sioni haya kuusema. Nataka asubuhi ile nikifumbua macho, wa kwanza kumwona pembeni yangu awe mume wangu, si wanaume wawili wa watu. Nitawaambia nini? Na yeye mwenyewe ataniuliza mabuti yako wapi, na mimi niko makaburi mengine nabishana na mlinzi.

Kwa hiyo navunja ahadi. Nilimwahidi miaka arubaini na mbili nisimwambie mtu. Nadhani atanisamehe, na asiponisamehe tutakuwa na muda mrefu wa kulizungumza.

Babu yako alikuwa kiwete.

Umeshtuka. Hata mama yako ameshtuka. Kabla sijaolewa alianguka kutoka kwenye paa, akavunjika paja la kushoto, na aliyemwunga sijui alikuwa anaunga nini. Mguu ukabaki mfupi. Vijana wenzake wakamcheka, wakawa wanamwita Kigoda. Ndipo akajifunza kushona viatu. Alijishonea mabuti marefu, ndani ya la kushoto akaweka kipande cha ngozi, matabaka juu ya matabaka, chini ya kisigino. Ukitazama nje, mabuti yanafanana kama pacha. Akivaa, anatembea wima kama wewe. Umewahi kumwona pekupeku? Hata mara moja? Alikuwa anavua mabuti tukishafunga mlango, anavaa kabla ya kuufungua. Mimi tu nilivijua vimo vyake vyote viwili.

Sasa utaelewa ile aibu ya Februari. Mwalimu alisoma kwamba viwete wataruka, na mimi nikasema amina kwa sauti kuliko wote. Halafu njiani nikajiuliza: wewe mwanamke, unamwekea mume mabuti ya Ufalme, na ndani umemwekea kipande cha mguu mfupi? Unaamini au unapaka tu dawa? Mtu aliyenyooshwa ukimvalisha kitu hicho utamrudisha kuwa kiwete, upande wa pili! Ndiyo maana nililipeleka kwa Gundi atoe kile kipande.

Nilipomaliza barua yako moyo ulinidunda hivi: kama ameshakitoa akakitupa, tumekwisha. Nikashika fimbo. Mama yako anapiga kelele, "Vaa hata kanga nyingine!" Sikusikia. Nimefika kibandani nikamkuta Gundi anapiga soli.

"Buti liko wapi?"

"Wiki ijayo, Mama."

"Nakuuliza liko wapi!"

Akainama chini ya benchi, akatoa kifurushi cha gazeti. Buti halijaguswa. Akasema, machozi yakimlengalenga, "Mama, mkono umekataa. Hii ni kazi ya mikono yake ya mwisho. Mimi nimebandua soli za mji mzima, hii siwezi." Miezi miwili mzee mzima ananidanganya! Nilimkumbatia mpaka miwani yake ikapinda.

Halafu nikamwambia, "Sasa utakitoa, na utakitoa kizima, maana kinakwenda kumtafuta mwenyewe." Nikamsomea barua yako. Alifanya kazi saa nzima, kwa kisu chembamba na maji ya uvuguvugu, kama anamtoa mtoto mwiba. Kimetoka kizima. Ndicho hicho ulichokikuta ndani ya kifurushi, kimefungwa kwenye leso yangu. Kinuse, bado kina gundi yake.

Sababu ya kuandikwa umeipata. Mpe huyo afisa afya. Fungueni. Mguu wa kushoto uliopungua kiasi cha unene wa kipande hiki, na paja lililoungwa vibaya, ndiye babu yako. Wewe ni mpimaji. Pima.

Na kuomba, kama huwezi, acha. Nakuombea mimi, nina nafasi.

Bibi yako

*

Tarehe 13 Aprili

Shikamoo Bibi,

Kifurushi kilinikuta kwenye kontena. Nilifungua leso nikakaa nacho mkononi. Nilikaa na Babu miaka yote ile, nikabebwa mabegani kwake, na sikujua. Nilimkumbuka alivyokuwa anasimama kila mara karibu na ukuta wakati wa picha.

Afisa afya alisoma sehemu niliyomwonyesha ya barua yako, akaisoma tena. Akasema, "Miaka yangu yote kazini sijapata maelezo ya marehemu yaliyonyooka hivi. Huyu mama ni muuguzi?" Nikasema, "Hapana, ni mwanafunzi wa Isaya." Akaandika kibali.

Sanduku la kwanza miguu ilikuwa sawa. La pili, Bibi, nilijua kabla ya kupima. Paja la kushoto lilikuwa na kifundo pale lilipoungwa, kinene kama fundo la kamba. Nilipima hata hivyo, mara nne, maana sitaki tena kuuamini mkono wangu. Tofauti ni sentimita tatu kasoro kidogo. Kipande chako pale kinapokaa kisigino ni sentimita tatu kasoro kidogo. Mkuu wa kazi alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

Wale wawili waliobaki, mmoja alikuwa mfupi na mwingine mrefu sana, na familia zao zilitosheka kuwatofautisha. Jana kila mmoja amezikwa peke yake. Sanduku la Babu nililiandika kwa rangi, pande zote sita, hata chini. Watu walinicheka.

Yuko safu ya pili, nambari nne. Nambari tano nimeipima mimi mwenyewe na nimeizungushia vigingi, kwa ajili yako. Usiione kama nakuharakisha.

Mchonga jiwe aliniuliza aandike nini, akaniambia wengi huandika "amepumzika milele". Nilimwambia ukiona hivyo utakuja na patasi. Ameandika: FUNDI VIATU. ANASUBIRI KUITWA.

Kuna kitu nataka kukiri. Sijui kama naamini kama unavyoamini wewe. Lakini kwenye fomu kuna mstari unaouliza, "Mahali pa mwisho pa mabaki." Kalamu iliandika: "Kwa sasa, safu ya pili, nambari nne." Afisa afya akauliza, "Kwa sasa maana yake nini?" Sikulifuta. Nikatia saini.

Kile kipande cha ngozi ninacho. Nilitaka kukizika naye, nikaona nikuulize kwanza. Naweza kuomba kaburi lifunguliwe kidogo kabla saruji haijamwagwa, tarehe 30.

Nisamehe, Bibi.

Futi

*

Tarehe 21 Aprili

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Nilishasamehe kabla hujafika kwenye chaki. Kwenye nyasi ndipo nilipochelewa kidogo.

Barua yako niliisoma darasani Alhamisi, nikisimama. Mwalimu alitoa bisibisi mfukoni akairudisha, akaitoa akairudisha. Gundi alikuja pia, mara ya kwanza maishani mwake, akakaa nyuma karibu na mlango kama mtu anayeogopa kupimwa. Tulipofika "Anasubiri kuitwa" alipenga kamasi kwa sauti. Mama yako ananifulia leso zote.

Nambari tano nimeikubali. Haraka sina. Darasa linaanza Danieli, na mimi siwezi kumwacha Danieli katikati.

Nikuambie la Jumamosi. Niliyashusha mabuti nikayapaka. La kulia kwanza, kama siku zote. Nilipofika la kushoto niliingiza mkono ndani kulishikilia, na mkono ukaenda ukaenda mpaka ukagusa chini. Miaka kumi na moja ulikuwa unaishia njiani. Niliogopa, Futi. Kidogo tu. Nikakaa na mkono wangu ndani ya buti, nikamwona anatoka mlangoni pekupeku, mchana kweupe, majirani wote wanatazama, na yeye hana habari nao. Halafu nikamaliza kupaka dawa.

Wewe unasema hujui kama unaamini, lakini umeandika "kwa sasa" kwenye karatasi ya serikali ukaweka saini. Mimi sijawahi kusaini chochote. Naona umenipita.

Kuhusu kile kipande: usithubutu kukizika naye. Nimekitoa ndani ya buti kwa aibu na machozi, wewe ukamrudishie kaburini? Ataamka akikute, aniulize, "Mke wangu, kumbe ulikuwa na wasiwasi?" Hapana. Saruji imwagwe.

Kiweke chini ya meza yako inayoyumba. Kilishonwa kwa ajili ya mguu mfupi, kifanye kazi yake huko mpaka Ufalme uje. Halafu niandikie nambari saba nione kama imesimama.

Bibi yako